Pumzi Nzito Si Pumu Kila Mara: Jinsi Mwili Unavyofidia Asidi Katika Damu

 

Leo tunazungumzia karatasi ndogo ambayo watu wengi huiona kwa mara ya kwanza siku wanapokuwa na mgonjwa mahututi. Ni nyembamba kama risiti ya supamaketi, inatoka kwenye mashine, na imejaa herufi na nambari. Hayo ni matokeo ya kipimo cha gesi za damu ya ateri. Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini, kama ule unaousikia ukidunda ukigusa kifundo cha mkono. Jamaa wa mgonjwa wakiambiwa kuhusu karatasi hii, mara nyingi hushika neno moja tu: kwamba nambari fulani iko sawa. Wanarudi nyumbani wakishukuru Mungu. Nataka tuelewe kwa nini nambari iliyo sawa inaweza kuwa ya mgonjwa anayezama, na kwa nini zile pumzi nzito tunazokimbilia kuzituliza wakati mwingine ndizo zinazomweka mtu hai.

Tuanze na asidi. Unapokula ugali, viazi au githeri, mwili hukichoma chakula hicho ili upate nguvu. Moshi wa moto huo ni hewa ya kabonidioksidi, ambayo kwa ufupi nitaiita hewa ya kaboni. Hewa hii ikiyeyuka katika damu hugeuka kuwa asidi, na mapafu huitoa kila unaposhusha pumzi. Kuna asidi nyingine ambazo haziwezi kutoka kwa njia ya pumzi. Hizo ni kazi ya figo, kuzitoa kwa mkojo. Katikati ya hao wawili kuna bikaboneti, ambayo huishika asidi na kuipunguzia makali. Yale magadi unayotia kwenye githeri ili iive upesi yana bikaboneti ndani yake, kwa hiyo si kitu kigeni jikoni kwako. Tafadhali usiende kunywa magadi baada ya kipindi hiki. Hayatibu jambo lolote ninalolitaja leo.

Kiasi cha asidi katika damu kinaandikwa kwa herufi pH. Ikishuka, asidi imezidi. Ikipanda, asidi imepungua. Kwa mtu mzima mwenye afya pH huwa kati ya 7.35 na 7.45. Hiyo ni nafasi nyembamba sana. Ikikaribia 7, moyo hudhoofika, presha hushuka na mgonjwa hupoteza fahamu. Kwa sababu hiyo mwili hauketi kungoja. Jambo likiharibika upande mmoja, upande mwingine hujitahidi kufidia.

Fikiria familia iliyopanga nyumba. Baba amepoteza kazi kiwandani. Mama anaongeza kufua nguo za watu, na kijana wao mkubwa ameacha shule anabeba mizigo sokoni. Tarehe tano kodi inalipwa, labda imepungua shilingi chache. Mwenye nyumba akitazama daftari lake haoni shida. Lakini ukiingia ndani utakuta mama mgongo unamuuma na kijana hana kitabu. Ile pH ni daftari la mwenye nyumba. Inaonyesha kama kodi imelipwa. Haionyeshi imelipwa na nani, wala kwa jasho gani.

Mapafu ni kibarua wa kulipwa kila jioni: yakiambiwa asidi imezidi, huanza kazi dakika ileile, yakivuta na kutoa pumzi kwa nguvu ili hewa ya kaboni ipungue. Figo ni kama mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Hufanya kazi kubwa, lakini huchukua siku tatu hadi tano kabla faida yake ionekane vizuri. Tofauti hii ya muda ni muhimu, tutairudia.

Sasa chukua ile karatasi. Achana kwanza na nambari nyingi, tafuta tatu. Ya kwanza ni pH. Ya pili ni hewa ya kaboni, imeandikwa pCO2, na kawaida yake ni 35 hadi 45 ikiwa mashine inapima kwa milimita za zebaki. Ya tatu ni bikaboneti, HCO3, na kawaida yake ni 22 hadi 26. Sisi wa Thika, tulioko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ya kaboni inaweza kuwa chini kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa ingawa sote tuna afya. Hewa huku juu ni nyepesi, kwa hiyo tunapumua zaidi kidogo bila kujua. Hiyo nayo ni fidia ya mwili, na huna haja ya kuitibu.

Tuchukue mfano. Kijana wa sekondari ana kisukari cha kudungwa insulini. Ameanza kutapika, hali chakula, na mtu fulani nyumbani anamwambia, "Kama huli, usidunge, sukari itashuka." Ushauri huu nimeusikia mara nyingi mno vijijini na mitaani, na unaua. Bila insulini sukari haiwezi kuingia kwenye chembe za mwili, basi mwili unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa hivyo huacha asidi zinazoitwa ketoni. Bikaboneti inatumika kuzishika asidi hizo hadi inakaribia kwisha. Anafika hospitalini, damu inatolewa, na karatasi inasema pH 7.22, bikaboneti 8, hewa ya kaboni 20.

Hapo pH imeshuka, kwa hiyo asidi imezidi. Bikaboneti imeshuka sana, kwa hiyo chanzo ni zile asidi zisizotoka kwa pumzi. Na hewa ya kaboni je? Nayo imeshuka, lakini hiyo si ugonjwa wa pili. Hapo ni mapafu yamekuja kumsaidia mwenzao. Madaktari wana hesabu ndogo ya kuangalia kama msaada huo unatosha: chukua bikaboneti, zidisha kwa moja na nusu, kisha ongeza nane. Nane mara moja na nusu ni 12, ongeza nane unapata 20. Jibu likipishana na karatasi kwa mbili tu, juu au chini, mapafu yanafanya kazi yao yote. Kijana huyu ni mgonjwa sana, lakini mwili wake bado unapigana vilivyo. Ukimtazama utamwona akipumua kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyetoka mbio, kumbe amelala kitandani.

Sasa tuseme jamaa zake waliziona pumzi hizo wakaogopa. Kabla ya kufika hospitalini walipita kwa mtu wa dawa, wakaomba apewe kitu cha kumtuliza alale. Akalala. Pumzi zikapungua, na wote wakashusha roho. Karatasi ya kijana huyo sasa ingeweza kusoma hivi: bikaboneti ni ileile 8, hewa ya kaboni 35, na pH 6.98.

Tazama vizuri hiyo 35. Iko ndani ya kiwango cha kawaida. Mashine nyingi huweka alama kando ya nambari iliyopita mpaka, na kando ya 35 haitaweka alama yoyote. Lakini kwa kijana aliyehitaji kuwa na 20, hiyo 35 ni habari mbaya kuliko zote kwenye karatasi. Kibarua ameangusha mzigo, na kodi ya mwezi huu haitalipwa. Hata bila dawa ya usingizi mambo huweza kufika hapo, kwa sababu misuli ya kifua na kiwambo huchoka kama misuli mingine. Mtu hawezi kukimbia siku mbili mfululizo.

Kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa akihema kwa nguvu akitulia, uliza swali moja: ametulia na amefanyaje? Anayepona hutulia huku anafungua macho, anaomba maji, anakujua jina. Anayechoka hutulia huku anazidi kusinzia, maneno yanapotea, na ukimwita haitiki. Huyo wa pili mkimbizeni hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane ya usiku.

Daktari Mjerumani aitwaye Adolf Kussmaul alizieleza pumzi hizi za kina mwaka wa 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakizimia, na mpaka leo madaktari huziita kwa jina lake. Wakati huo insulini haikuwako, na hakuwa na mashine ya kupima gesi. Alitazama tu kifua kikipanda na kushuka. Wewe pia unaweza kutazama. Mtu wa kisukari akipumua hivyo, anatapika, tumbo linamuuma, na pumzi yake ina harufu tamu kama nanasi lililoanza kuchacha, au kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, hiyo si pumu wala si homa ya mapafu mpaka ithibitishwe. Apimwe sukari papo hapo. Mikoba ya vifaa ambayo wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa kuanzia mwaka wa 2023 ina kipima sukari ndani, kwa hiyo huenda jirani yako anacho. Na akiwa anadunga insulini, asiiache kabisa kwa sababu tu hali chakula. Apige simu kliniki aulize kipimo.

Kuna kazi moja iliyofanyika hapa Kenya ambayo ningependa kila mzazi aijue. Kule Kilifi, watafiti wakiongozwa na Daktari Kevin Marsh waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, wakachapisha matokeo mwaka wa 1995. Walitaka kujua ni dalili zipi, kati ya nyingi, zinazoonyesha mtoto yuko hatarini kufa. Watoto 64 walifariki, na 54 kati yao walikuwa na moja ya dalili mbili, au zote mbili: fahamu iliyopungua, na kupumua kwa shida. Kwa muda mrefu watu walidhani mtoto wa malaria anayepumua hivyo moyo wake umeshindwa, au ana homa ya mapafu. Kilifi walionyesha kwamba mara nyingi pumzi zile za kina ni za asidi. Vijidudu vya malaria huziba mishipa midogo, damu hupungua, sehemu za mwili hukosa oksijeni na kutoa asidi ya laktiki. Mapafu ya mtoto yanajaribu kulipa deni hilo. Leo Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali hiyo ya asidi, pamoja na pumzi zake nzito, kati ya dalili za malaria kali.

Utaniambia Thika malaria ni kidogo, na ni kweli. Lakini Desemba tunapeleka watoto kwa nyanya zao Siaya, Busia na Kwale, na Januari wanarudi na homa. Mtoto akiwa na homa na umeingia wasiwasi, mwache atulie bila kulia, funua kifua, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa au simu. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kutoka miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50. Kutoka mwaka mmoja hadi mitano, 40. Usihesabu tu, tazama pia kina chake. Na mwambie daktari kwamba mtoto alisafiri, kwa sababu hapa kwetu anaweza asifikirie malaria haraka.

Jambo la tatu linahusu pombe, na hapa najua baadhi ya wasikilizaji watazima redio. Mwezi wa Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa kwa siku chache, Kiambu yetu ikiwamo. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Kunywa kwake hakuna tofauti kubwa mdomoni, na saa za kwanza mtu huonekana amelewa kawaida tu. Lakini ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, ileile ambayo aina fulani za sisimizi hutema. Baada ya saa kama kumi na mbili hadi siku nzima, wakati wenzake wanadhani ana uchovu wa jana, macho huanza kuona ukungu, kichwa kinauma, anatapika, na zile pumzi za kina zinaanza. Ikifika hapo, mapafu yanapambana na asidi ambayo hayawezi kuimaliza. Kumwacha alale ili pombe itoke ni kumwacha afe au apofuke. Hospitalini kuna tiba ya kuzuia methanoli isigeuke asidi, na kuna mashine ya kusafisha damu, lakini zote zinategemea saa ulizofika nazo. Usifiche alichokunywa. Ukiweza, beba chupa. Hakuna muuguzi mwenye busara atakayekuuliza umeipata wapi kabla hajamhudumia mgonjwa.

Mpaka hapa mapafu yamekuwa msaidizi. Kuna siku yenyewe ndiyo mgonjwa, na figo ndizo zinazofidia. Mfikirie nyanya aliyepika kwa kuni miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha. Mapafu yameharibika polepole, hewa ya kaboni haitoki vizuri. Karatasi yake inasoma hewa ya kaboni 60, bikaboneti 32, pH 7.35. Unaona? Daftari la mwenye nyumba liko sawa, lakini nambari nyingine mbili zimepita mpaka. Figo zimekuwa zikihifadhi bikaboneti kwa miezi na miaka ili kumsawazisha.

Mlinganishe na kijana aliyekuwa mzima asubuhi, akameza dawa nyingi za usingizi, na jioni hewa yake ya kaboni ni 60 pia. Bikaboneti yake ni 26 tu, maana figo hazijapata muda, na pH ni 7.26. Hewa ya kaboni ni ileile, hatari ni tofauti. Ndiyo sababu daktari atakuuliza, "Amekuwa hivi tangu lini?" Swali hilo ni sehemu ya kusoma karatasi, na mwenye jibu ni wewe unayeishi naye. Nyanya huyo akihitaji oksijeni, atapewa kwa kipimo, kwa kawaida ili kile kifaa cha kidoleni kisome kati ya 88 na 92. Mkiona wauguzi hawaifungui yote msidhani wanambania. Oksijeni ikizidi kwa mgonjwa wa namna hii, hewa ya kaboni inaweza kupanda zaidi akasinzia. Tafadhali msiguse kile kifungo sisi tukigeuka.

Kanuni moja ya mwisho ya karatasi, hasa kwa wanafunzi wa uuguzi wanaotusikiliza: mwili ukifidia haupitilizi. Mapafu yakisaidia damu yenye asidi, hayataivusha hadi upande wa pili. Ukiona nambari zote mbili, ya hewa ya kaboni na ya bikaboneti, zimeharibika lakini pH imekaa katikati kabisa, au imepita, shuku magonjwa mawili kwa pamoja. Kwa mfano, mtu wa kisukari mwenye ketoni ambaye pia ametapika siku tatu. Ketoni zinaongeza asidi, matapishi yanaitoa, na daftari linaonekana safi.

Kuna ujumbe wa simu tulioupata kutoka Ruiru. Dada huyu anauliza: "Sista, mimi nikisikia habari mbaya huwa nahema, vidole vinakufa ganzi, midomo inawasha. Je, hiyo pia ni asidi?" La, dada yangu, hapo ni kinyume. Kwa hofu unatoa hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyohitajika, asidi inapungua mno, na ndiyo hiyo ganzi. Keti, toa pumzi polepole, itapita. Lakini usivute hewa ndani ya mfuko wa karatasi kama wanavyoonyesha kwenye filamu, na mtu asikutangazie kwamba ni hofu tu ikiwa una homa, kisukari, mimba, maumivu ya kifua, au ikiwa ni mara yako ya kwanza. Nimeona wagonjwa wa ketoni wakiombewa mapepo kwa sababu ya pumzi zao. Maombi hayakatazwi, lakini yafanyike garini mkielekea hospitalini.

Mwingine anauliza kwa nini damu hii inatolewa kwenye kifundo cha mkono na inauma vile. Ateri iko ndani zaidi kuliko ile mishipa ya kawaida tunayotolea damu, na iko karibu na neva. Huuma, hilo hatukufichi. Baada ya sindano muuguzi atafinya mahali hapo angalau dakika tano, na zaidi kwa anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Usimwambie aachilie mapema. Baadaye ukiona mkono umevimba, vidole vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, mwite mara moja, hata kama ndiye aliyekudunga na unaona haya.